Makumbusho ya mchoraji mmoja tu: nilichokiona kwa Clyfford Still hapa Denver

#1 Fundi_Rangi

Wakuu, habari za majukumu.

Mimi ni fundi rangi. Kazi niliianzia Magomeni nikiwa kijana wa kukoroga chokaa, sasa hivi niko Aurora, Colorado, napaka nyumba za watu. Kuna jengo moja hapa jirani, Denver, nimeshaingia mara sita, na kila nikitoka nakosa mtu wa kuzungumza naye kwa Kiswahili kuhusu nilichokiona. Ndiyo maana nimeuleta uzi huu. Ni mrefu, tuvumiliane.

Ilianza kwa binti yangu, yuko darasa la tatu. Shule iliwapeleka kwenye makumbusho, jioni akaja kuniambia: "Baba, kule kuna mtu anapaka kwa skrepa kama wewe." Jumamosi nikamwambia haya, twende ukanionyeshe. Tukapanda basi namba 15 linalokata Colfax yote mpaka katikati ya jiji, tukashuka, tukatembea kidogo hadi mtaa wa Bannock. Watoto wanaingia bure.

Pembeni yake kuna makumbusho makubwa ya jiji, jengo la pembe kali zinazochomoza angani, macho yote yanakwenda kule. Hili letu ni la ghorofa mbili tu, la zege, limejikunyata nyuma ya miti. Usogee karibu. Zege halijapigwa plasta. Mbao walizofungia zege zimeacha alama ukutani, mifupa mifupa iliyosimama wima, ukipitisha kiganja inakwaruza. Mimi kazi yangu ni kulainisha kuta, kupiga skimu na msasa mpaka mkono uteleze. Ukuta ule ungeniambia niulainishe ningekataa.

Chini kuna kiza kidogo. Unapanda ngazi, unatokea juu kwenye vyumba tisa vya picha, na pale mwanga unashuka kutoka darini. Dari ni zege lililotobolewa matundu, juu yake kuna vioo, kwa hiyo jua la nje linachujwa. Wingu likipita, chumba kizima kinabadilika. Niliona picha moja nyekundu ikipoa taratibu, kisha ikawaka tena, na hakuna mtu aliyegusa swichi.

Picha zote mle ni za mtu mmoja: Clyfford Still. Alizaliwa 1904 Grandin, North Dakota, akafa 1980. Amekulia kwenye mashamba ya ngano, Spokane upande wa Marekani na Alberta upande wa Kanada. Ni mmoja wa wale Wamarekani walioanza, miaka ya 1940, kuchora picha kubwa kupita kiasi zisizo na mtu, mti wala nyumba. Rangi tupu. Lakini alikosana na soko la sanaa. Mwaka 1951 aliachana na kumbi za kuuzia picha za New York, na 1961 akahamia shambani Maryland. Alichora mpaka mwisho, ila hakuuza isipokuwa kidogo mno. Kanvasi alizizungusha kwenye mabomba, akaziweka.

Wosia wake ulikuwa mfupi. Kazi zake ziende kwa jiji lolote la Marekani litakalokubali kujenga mahali pa kudumu kwa ajili ya kazi hizo peke yake, na isiuzwe hata moja, isitolewe zawadi, isibadilishanwe na kitu kingine. Alipofariki, mzigo ukafungwa. Kwa zaidi ya miaka 30 hata wasomi hawakuuona. Mjane wake, Patricia, aliulinda mpaka 2004 alipoichagua Denver, na mwaka uliofuata naye akafariki. Makumbusho yakafunguliwa Novemba 2011. Mle ndani kuna kazi kama 3,125, zaidi ya asilimia 90 ya kila alichokifanya mtu huyu maishani.

Sasa niwaeleze kwa nini napoteza Jumamosi zangu kule.

Vyumba vimepangwa kwa miaka. Unaanza na picha za kijana wa shamba, za miaka ya 1920 na 1930: treni, magunia ya nafaka, wanaume na wanawake waliochoka. Mikono mirefu, viganja vikubwa kuliko uso. Chumba kinachofuata miili inaanza kukonda, inakuwa mifupa. Chumba kingine mifupa imekuwa mistari. Ukifika mwishoni hakuna mtu tena, kuna ukuta wa rangi wa karibu mita 3 kwa 4, na katikati mstari mmoja umesimama wima. Nikasimama pale nikasema: huyu ni yule mvunaji. Bado amesimama. Ningekuwa nimeiona ile picha ya mwisho peke yake kwenye ukumbi wa benki, ningepita.

Hilo haliwezekani mpaka kazi za mtu ziwe zimekaa pamoja. Nikiwa kwenye basi la kurudi nikajiuliza: kwetu ni nani amekusanywa hivi? Edward Saidi Tingatinga kila mtalii anamjua kwa jina. Niende wapi leo nikaone picha yake ya kwanza na ya mwisho kwenye chumba kimoja?

Karibuni.

#2 Mtaa_wa_Saba

Mkuu umeandika vizuri, lakini niseme ukweli wangu. Nimeingia mtandaoni kuziangalia hizo picha. Nimeona rangi nyeusi, nyekundu, na kama ukuta uliobanduka. Hakuna kitu. Mchoraji wa pale Mwenge anayekuchora sura yako ukajiona, huyo ndiye ana kipaji. Huyu mzungu amepata jengo zima kwa lipi?

#3 Fundi_Rangi

Mtaa_wa_Saba, nashukuru umesema wazi. Na umegusa neno lenyewe, "ukuta uliobanduka". Mimi na wewe tumeona kitu kimoja, ila wewe umekiona kwenye simu.

Nikuambie kama fundi. Jamaa alinunua rangi za unga, akasaga na kuchanganya mafuta mwenyewe, na mara nyingi alipaka kwa kisu badala ya brashi. Ukisogea, unaona kila alipoweka kisu na alipokiinua. Nyeusi moja ina sehemu zimefifia kama mkaa na sehemu zinang'aa kama lami mbichi, maana mafuta aliyaweka kwa vipimo tofauti. Simu inakuonyesha weusi tu. Pale ukumbini ukihama hatua mbili pembeni, ule weusi unafunguka, unaona kuna mlima ndani yake.

Halafu ameacha sehemu za kanvasi bila rangi kabisa. Kwetu mafundi, sehemu isiyopakwa maana yake mwenye nyumba atakupigia simu urudi. Yeye ukingoni kabisa mwa ule uwazi ameweka kidoti cha rangi ya chungwa, kidogo kama ukucha, na jicho lako lote linakwenda pale. Nilikaa na binti yangu sakafuni tukahesabu vidoti vile kwenye picha moja. Tulipata saba, yeye akaona cha nane.

Mchoraji wa Mwenge ana kipaji, sikatai. Sijasema mmoja ni bora kuliko mwingine.

#4 Wakili_Kijana

Uzi mzuri. Nina swali la kisheria. Umesema wosia unakataza kuuza hata picha moja. Lakini nakumbuka kusoma kuwa kuna picha za Still ziliuzwa mnadani kwa mamilioni mwaka huohuo wa kufunguliwa makumbusho. Imekaaje?

#5 Fundi_Rangi

Wakili, umegusa panapouma.

Ni kweli. Novemba 2011, siku chache kabla ya kufungua milango, picha nne ziliuzwa kwenye mnada wa Sotheby's, New York, kwa jumla ya dola milioni 114. Moja peke yake, inaitwa 1949-A-No. 1, ilikwenda kwa milioni 61.7. Jiji la Denver liliomba ruhusa ya mahakama kule Maryland ziuzwe kabla mali haijaingia rasmi kwenye makumbusho, na fedha ziwekwe akiba ya kuyaendesha. Tangu hapo hakuna ruhusa ya kuuza nyingine.

Mimi nimelifikiria sana hili. Upande mmoja, jengo linahitaji watunzaji, walinzi, mitambo ya kudhibiti hewa, na hakuna duka kubwa wala mgahawa wa kuleta hela. Bila zile fedha pengine lingekuwa limefungwa. Upande wa pili, marehemu alisema isiuzwe hata moja. Angetaka nne ziuzwe angesema nne. Kama ningekuwa mtoto wake ingeniuma, na ninaposimama kwenye chumba cha miaka ya 1940 nafikiria lile pengo la 1949. Kwa maoni yangu walikosea, na matunda ya kosa lile ndiyo ninayoyala kila Jumamosi. Sijui kulisema kwa namna nyingine.

#6 Wakili_Kijana

Umejibu vizuri kuliko nilivyotegemea. Ongezeko dogo kwa wenye wazee wachoraji humu: picha yenyewe ni kitu kimoja, hakimiliki ni kitu kingine. Mtu akinunua mchoro, amenunua ule ubao. Haki ya kuunakili kwenye fulana na kalenda inabaki kwa mchoraji, na akifa inakwenda kwa warithi. Kwa sheria yetu ya mwaka 1999 inadumu maisha yake na miaka 50 baada ya kifo. Familia nyingi hazijui, zinaona picha za mzee kwenye vikombe zinanyamaza.

#7 Nairobi_Mashinani

Wadau, salamu kutoka Nairobi. Huku kuna mkusanyiko wa Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa pili. Sehemu iko kwenye jengo la Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, nyingine iko Nairobi Gallery. Ni mali ya thamani sana, ila Murumbi alikuwa mkusanyaji, si mchoraji. Unaona ladha yake, huoni safari ya mkono mmoja kama alivyosema mwanzisha uzi.

Halafu kuna Elimo Njau, Mtanzania wa Marangu aliyefanya maisha yake huku Kenya. Michoro yake ya ukutani kwenye kanisa la Murang'a, ya mwaka 1959, bado iko, Yesu mweusi katika mandhari ya Gikuyu. Yeye na wenzake walianzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa, hapa Nairobi, mwaka 1965. Mwaka 1997 moto ukaiteketeza. Nilifika pale miaka kadhaa baadaye nikiwa mwanafunzi. Kulikuwa na vinyago vimesimama nje kwenye nyasi, vingine vimeungua upande mmoja, na hakuna aliyeviondoa. Nilivizunguka vile vinyago mpaka wenzangu wakaniita. Kuweka pamoja ni kuzuri, lakini kuweka pamoja bila kinga ya moto ni kupoteza vyote siku moja.

#8 Mwl_Mstaafu

Vijana, nimefurahi kusoma. Nilifundisha sanaa za mikono kwa miaka mingi, naomba niseme kuhusu Tingatinga.

Marehemu alizaliwa 1932 upande wa Tunduru. Kuchora alianza 1968, na 1972 polisi walimpiga risasi Dar es Salaam wakidhani ni mtu mwingine. Kwa hiyo kazi yake yote ni ya miaka minne! Alichora kwenye hadibodi, kwa rangi ya mafuta, ile ya kupakia baiskeli, akaziuza pale Oysterbay karibu na Morogoro Stores kwa bei ndogo. Wateja wengi walikuwa wageni wenye kazi za muda. Mkataba ukiisha, picha inaingia kwenye sanduku, inapanda ndege. Ndiyo maana leo za kwake mwenyewe ukizitaka unazitafuta Ulaya na Japani. Still alikataa kuuza kwa sababu alikuwa na shamba na msimamo. Tingatinga alikuwa na watoto wa kulisha. Tusimlaumu kwa kutawanyika.

Ndugu na wanafunzi wake waliendelea, na mwaka 1990 wakasajili ushirika wao. Lakini wasomi wengi wanawadharau wakisema wananakili: chui yuleyule, ndege walewale. Je, huyo Still wako naye alirudia?

#9 Fundi_Rangi

Shikamoo mwalimu. Umenifundisha, hasa hilo la watoto wa kulisha. Nilikuwa nimemlinganisha vibaya.

Na ndiyo, alirudia! Hili lilinishangaza. Still alikuwa akimaliza picha, wakati mwingine anaichora tena, umbo lilelile, rangi zilezile, ukubwa uleule au karibu. Makumbusho waliwahi kuziweka pamoja, ya kwanza na ya marudio. Hakuona aibu. Kwake ile ya pili ilikuwa picha kamili. Wasomi wakiandika juu yake wanaita uchunguzi wa kina. Wakimwandika kijana wa Oysterbay aliyemrudia chui wake, wanaita kunakili. Sasa nani ameshawahi kuwapa wale vijana chumba, awekwe chui wa mwaka ule na chui wa miaka kumi baadaye, tuone mkono ulivyobadilika? Huwezi kumhukumu mtu kwa picha moja uliyoinunua uwanja wa ndege.

Nyingine kuhusu majina. Still hakuzipa picha zake majina. Hakutaka uambiwe "huu ni mlima" kabla hujatazama. Nyingi zinajulikana kwa herufi PH na namba, kutokana na picha za kumbukumbu zilizopigwa kwa kamera kwa ajili ya orodha. Kazi ya orodha kwa sehemu kubwa ilikuwa ya Patricia. Hakuchora, lakini bila daftari lake lile jengo lingekuwa ghala.

#10 BintiPangani

Kaka Fundi_Rangi na wengine, shikamooni wakubwa. Sijawahi kuandika jukwaa hili, huwa nasoma tu.

Baba yangu mdogo alikuwa mchora mabango Tanga. Saluni, bucha, magari ya abiria, nyuma ya madaladala. Watu wa mjini walimwita kwa jina la kazi yake. Amefariki miaka mitatu iliyopita. Nyumbani Pangani kuna sanduku la bati na gunia chini ya kitanda cha bibi, vimejaa michoro yake kwenye karatasi, hadibodi, na vipande vya turubai. Shangazi anasema vinaleta mende, vichomwe. Mimi nilikuwa nimekubali. Nimesoma uzi huu usiku nikashindwa kulala.

Naomba mnielekeze. Sina jengo. Nina chumba kimoja cha kupanga Tanga mjini na mshahara wa duka la dawa.

#11 Fundi_Rangi

Dada, usichome. Mwambie shangazi umevichukua wewe, mende waondoke na wewe.

Chini kule makumbusho kuna kioo, unaona wanavyohifadhi, na kingine unaona fundi wa kutengeneza picha akiwa kazini. Niliwahi kumuuliza mtumishi mmoja maswali mpaka binti yangu akachoka. Nachanganya aliyoniambia na ninayoyajua kwenye rangi.

Kwanza usioshe kitu. Usipake mafuta ili ing'ae, usifute kwa kitambaa kibichi. Vumbi liondoe kwa brashi laini kavu, na kama rangi inabanduka usiguse kabisa. Hadibodi zisimamishe wima kama vitabu, juu ya mbao au matofali, zisigusane na sakafu wala ukuta wa nje, maana unyevu wa Pangani unapanda na mchwa anapitia hapohapo. Kati ya moja na nyingine weka karatasi nyeupe safi. Gazeti hapana, linageuka njano na linachafua. Turubai na kitambaa usikunje, viringisha kwenye bomba nene, na upande wenye rangi uwe NJE. Watu wengi hudhani ndani ndiyo salama, ndipo rangi inapojibana na kupasuka.

Kisha fanya alichofanya Patricia. Simu yako inatosha. Weka kila kipande kwenye mwanga wa dirishani, asubuhi kabla jua halijawa kali, piga mbele, piga nyuma. Nyuma ni muhimu, mara nyingi kuna tarehe, bei, jina la mteja. Kipe namba kwa penseli kwenye karatasi uliyokifungia, usiandike kwenye mchoro. Namba hiyohiyo iingie kwenye daftari pamoja na chochote ambacho bibi anakikumbuka. Kaa na bibi mapema.

#12 Mtaa_wa_Saba

BintiPangani, mimi niliyesema hakuna kitu, nina stoo kavu hapa Tanga, mabati mazima, sakafu ya saruji. Iko nusu tupu. Nitafute inboksi. Sitaki malipo. Mabango ya saluni za Ngamiani za zamani nayakumbuka, kama ni yeye basi nimekua nikiyaangalia.

#13 Mwl_Mstaafu

Marahaba binti. Uwe na mtu wa familia wakati wa kuvihamisha, na muandikishane na huyo mwenye stoo kwamba vimewekwa tu, mali ni ya familia. Hata mtu akiwa mwema, karatasi ni muhimu.

#14 BintiPangani

Nimerudi, wiki tatu baadaye. Samahani kwa kimya.

Shangazi alikubali baada ya bibi kusema naye. Gunia lilikuwa limeliwa sehemu ya chini, karatasi nyingi za huko zimekwisha. Sanduku limehifadhi. Nimefika namba 61 na bado sijafika chini. Mtaa_wa_Saba alikuja na mwanawe na mkokoteni, tumeandikishana kama mwalimu alivyosema.

Namba 1 mpaka 20 hivi ni vichwa vya saluni, vile vya mitindo ya nywele, kila kimoja na namba yake pembeni ili mteja achague. Niliwaza ni vilevile tu. Nikavipanga chini kwa miaka, maana nyuma ameandika miaka. Vya mwanzo macho yanatazama mbele, yamefunguka kama ya picha ya kitambulisho. Kufikia namba 14 yameanza kutazama pembeni. Namba 19, ya mwaka aliozaliwa mwanawe wa mwisho, macho yamefumba, na ile nywele ameichora uzi mmoja mmoja.

Bibi aliishika muda mrefu. Akasema hicho si kichwa cha mteja, ni mama yake mtoto, alikuwa amelala. Nimeandika hivyo kwenye daftari.

Namba 34 ni ubao mkubwa umepakwa buluu yote, hauna maandishi wala umbo, ila chini kwenye kona kuna mstari mwembamba mweupe. Sijui ni bango ambalo hakulimaliza au alilimaliza. Kaka Fundi_Rangi, nimekutumia picha yake inboksi, mbele na nyuma. Naomba uitazame kwenye kioo kikubwa, usiitazame kwenye simu.